Kutengeneza leza ndogo ya mkononi nyumbani, hapa Dodoma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyakusanya kutoka kwa wanaopita kibarazani kwangu Nkuhungu: wanafunzi wa UDOM, vijana wa sekondari, mafundi redio, na wazazi ambao huja baadaye wakiwa na sura nyingine kabisa. Leza ninayoizungumzia ni nyekundu, ndogo, ya kiwango cha miliwati 5, yenye kukaa mfukoni. Kama umekuja kutafuta ya kuchomea vitu, nenda moja kwa moja swali la 16 ujue msimamo wangu, usije ukapoteza bando.

## Ya kuanzia

1. Leza ni nini hasa, na ina tofauti gani na tochi?

Tochi inamwaga mwanga kama mtu anayemwaga maji ya kuoshea vyombo: rangi zote zimechanganyika na unasambaa pande zote. Leza inatoa mwanga wa rangi moja, mawimbi yake yakienda kwa hatua moja kama askari kwenye gwaride. Ndiyo maana leza ya miliwati 5 inaweka nukta kali kwenye ukuta wa jirani, wakati tochi ya wati 3, yenye nguvu mara 600 zaidi, inaacha duara lililofifia.

Ya kwanza kabisa iliwashwa na Theodore Maiman tarehe 16 Mei 1960 huko California, kwa kutumia fimbo ya rubi. Watu wa Mpwapwa hapa huwa wanatabasamu, maana Winza ni kwao, ila rubi ya Maiman ilikuwa imetengenezwa na binadamu, haikuchimbwa. Leza tunazozichezea sisi si za rubi. Ni chembe ya kitu kinachoitwa daiodi, ukoo wake ulianza mwaka 1962, na ndiyo iliyo ndani ya kila deki ya DVD iliyowahi kuwekwa sebuleni kwenu.

2. Machinga wanaziuza kwa bei ya sahani ya chipsi mayai. Kwa nini nihangaike kutengeneza?

Kwa sababu ile ya machinga huijui. Imeandikwa miliwati 5, lakini lebo imechapishwa na mtu ambaye hajawahi kuipima. Unayoitengeneza mwenyewe unajua ni mkondo kiasi gani unapita ndani yake, na unaweza kuupunguza. Sababu ya pili ni kwamba raha iko kwenye kuijenga. Ukishaiwasha mara ya kwanza, kesho yake utakuwa unatafuta deki nyingine.

3. Itanigharimu shilingi ngapi?

Ukipata deki mbovu ya bure, vilivyobaki kwa hesabu zangu (kidhibiti mkondo, rezista ya kupunguza mkondo, kapasita ya kutunza chaji kidogo, swichi, betri na bomba la kufungia) havifiki bei ya kuku mzima wa kuchoma. Testa na chuma cha kulehemu sivihesabu, kwa sababu hivyo ni vya maisha. Kama huna, azima kwa fundi, lakini soma swali la 14 kabla ya kukitumia chuma cha kuazima.

4. Lazima niwe nimesoma umeme?

Hapana. Ujue kulehemu bila kuunguza, ujue kusoma testa, na ujue kugawanya: volti kugawanya kwa omu unapata ampia. Basi.

## Macho kwanza

5. Miliwati 5 ni kitu gani bwana? Hata balbu ya friji inazidi. Inaumizaje jicho?

Balbu ya friji inasambaza mwanga wake chumba kizima, na kinachoingia kwenye mboni yako ni chembe tu. Mwale wa leza unaingia wote. Halafu lenzi ya jicho lako inafanya kazi yake vizuri kupita kiasi: inaukusanya huo mwale kwenye nukta ndogo kuliko ncha ya sindano, nyuma kabisa ya jicho, kwenye retina. Retina haina maumivu. Mtu anaunguzwa na hasikii kitu, anakuja kugundua baadaye anaposoma kwamba kuna herufi zinakosekana katikati ya mstari.

Kimataifa leza zimegawanywa kwa madaraja. Daraja la 2 haizidi miliwati 1, na hapo kope lako lenyewe linakulinda kwa sababu hufunga ndani ya robo sekunde. Daraja la 3R inafika miliwati 5, ndiyo yetu hii, na hapo usalama umebaki mdogo, unategemea usiwe mjinga. Kuanzia miliwati 5 hadi 500 ni 3B, ambayo inaumiza kabla kope halijafunga. Kuzidi 500 ni daraja la 4, na hiyo hata nukta iliyopo ukutani si ya kuitazama kwa karibu.

Kanuni yangu ya mezani ni moja: leza inafungwa kwenye kitu kizito, inaelekezwa kwenye ukuta usiong'aa, na iwe chini ya usawa wa macho ya mtu aliyekaa. Watoto wanasahaulika hapo. Usawa wa macho yao ni usawa wa meza yako.

6. Nikivaa miwani ya jua je? Au ile ya wachomeleaji?

Miwani ya jua ni mbaya kuliko kutovaa kitu. Inaleta giza, mboni inapanuka, mwale unapata mlango mpana zaidi. Ya wachomeleaji haikutengenezwa kwa kazi hii na huwezi kujua inapitisha kiasi gani cha rangi yako. Miwani ya leza inaandikwa juu yake ni ya nanomita ngapi hadi ngapi (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi, ndicho kinachotaja rangi) na inakata mara ngapi. Ikiandikwa OD 4 maana yake inapitisha sehemu moja kati ya 10,000. Ya kuzuia nyekundu huwa na rangi ya bluu au kijani, na haizuii leza ya bluu hata kidogo, kwa hiyo usiazimane miwani bila kuangalia namba. Miwani isiyo na namba yoyote ni pambo.

7. Mtoto wangu amemulikwa machoni. Nifanye nini?

Mwondoe kwenye mwanga, mkalishe, na usimruhusu kufikicha macho. Wengi wanaokuja na jicho jekundu baada ya leza wamejikwaruza wenyewe kwa kufikicha, na hapa kwetu vidole huwa na vumbi. Doa linaloelea mbele ya macho kwa dakika chache ni kama lile la kumulikwa na taa ya gari. Lisipoondoka, au akiona ukungu, au mistari iliyonyooka anaiona imepinda, mpeleke kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo, hospitali ya rufaa ya mkoa au Benjamin Mkapa. Chukua na hiyo leza, daktari ataisoma rangi na lebo yake. Usimpige mtoto kabla ya kwenda, maana atakuficha alimulikwa kwa muda gani, na hilo ndilo swali la kwanza atakaloulizwa.

8. Ni wapi nisielekeze kabisa?

Angani, ukiwa Dodoma mjini. Uwanja wetu wa ndege uko katikati ya makazi, ndege inashuka juu ya mapaa, na uwanja mpya wa ndege wa Msalato hauko mbali. Nukta ambayo ukutani ni ndogo, ikifika kwenye kioo cha rubani imeshapanuka na kioo chenye mikwaruzo kinaugeuza mwale kuwa pazia la mwanga usoni mwake, sekunde zile zile anapotafuta njia ya kutua. Marekani wanamfunga mtu hadi miaka 5 kwa jambo hilo. Wewe usisubiri kujua hapa watakufanya nini.

Usielekeze kwa dereva, bodaboda wala bajaji. Na huu ni mji wa serikali: usielekeze kwenye msafara. Nukta nyekundu ikitua kwenye gari la mkubwa, walinzi hawatauliza kama ni ya kujifunzia fizikia, maana bunduki nazo zina nukta kama hiyo. Uwanja wa mpira vilevile. Machi 2022 Senegal ilipocheza na Misri kugombea Kombe la Dunia, wachezaji wa Misri walimulikwa leza za kijani hadi wakati wa penalti, na FIFA ikaipiga Senegal faini. Ukienda Jamhuri, leza ibaki nyumbani.

Jambo ambalo watu hawalifikirii ni bati. Bati jipya la jirani, kioo cha kabati, kigae cha sakafu na hata sufuria vinarudisha mwale ukiwa na nguvu karibu ile ile.

## Vifaa na pa kuvipata

9. Hiyo daiodi naitoa wapi?

Ziko njia mbili. Ya kwanza, na ndiyo ninayomshauri anayeanza, ni kununua kile kichwa kidogo cha shaba nyeupe au ya njano chenye waya mbili, nyekundu na nyeusi, kinachouzwa kwenye maduka ya vifaa vya elektroniki na kwa wanaouza vifaa vya roboti mtandaoni. Ndani kina daiodi nyekundu ya nanomita 650, lenzi, na mara nyingi rezista. Mzigo wa Kariakoo unapanda basi jioni na asubuhi uko stendi Nzuguni.

Njia ya pili ni deki mbovu. Hapo uende kwa fundi redio, na uende kwa adabu. Mimi ya kwanza niliipata hivi:

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Lete hiyo redio."

"Sina redio, mzee. Natafuta deki mbovu."

"Kijana wangu, watu wananiletea mbovu nizitengeneze, wewe unatafuta mbovu! Ya nini?"

"Nataka jicho lake."

Akacheka, akavuta kiroba chini ya meza. "Macho yamo humo. Chagua. Ila ukitoa, hilo bodi uniachie."

Mafundi wanaliita jicho kwa sababu ndivyo linavyoonekana: kijilenzi cha buluu kinachokutazama chini ya trei. Daiodi yenyewe iko ubavuni mwa hilo jicho, kopo dogo la chuma lenye upana wa milimita 5.6 au pungufu, lina miguu mitatu.

10. Deki ya sebuleni na kile kisoma-CD cha kompyuta ni kitu kimoja?

Hapana, na hapa ndipo pa kusoma taratibu. Deki ya sebuleni inasoma tu, kwa hiyo daiodi yake ni ya miliwati chache. Cha kompyuta kinachoweza kuandika DVD kina daiodi nyekundu inayovuka miliwati 100 bila shida, daraja la 3B. Mimi hizo sizitumii kwa kazi hii.

Mtego mwingine uko kwenye rangi. Jicho la DVD huwa na daiodi mbili: nyekundu ya nanomita 650 kwa ajili ya DVD, na ya nanomita 780 kwa ajili ya CD. Hiyo ya 780 iko nje ya mwanga unaoonekana, wewe unaona wekundu hafifu kama mkaa unaozimika. Mtu anasema "hii imekufa", anasogeza uso achungulie vizuri. Haijakufa. Inatoa nguvu zake zote, jicho lako tu ndilo halizioni, na kope halifungi kwa sababu halijatishwa na kitu. Mara nyingine zote mbili ziko kwenye kopo moja, zikitofautiana mguu tu. Ukiwasha ukapata wekundu wa mkaa, zima, badilisha mguu. Kuchungulia hakuna.

11. Nataka ya kijani, inaonekana zaidi.

Ni kweli inaonekana zaidi, jicho letu linapenda kijani. Lakini kalamu nyingi za kijani za bei rahisi hazina daiodi ya kijani. Zina daiodi ya nanomita 808 isiyoonekana, inayosukuma fuwele inayotoa 1064 isiyoonekana, inayopita fuwele nyingine inayoigawa kwa mbili kuwa 532, ndiyo kijani. Kinatakiwa kuwepo kichujio mbele cha kuzuia hizo mbili zisizoonekana. Watengenezaji wa bei rahisi wanakiruka. Mwaka 2010 taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, ilieleza kalamu moja ya namna hiyo iliyokuwa ikitoa karibu miliwati 20 za mwanga usioonekana, huku kijani chenyewe kikiwa hafifu. Baki na nyekundu.

12. Betri gani?

Kwa saketi ya swali la 13 tumia ile ya mraba ya volti 9, ya maiki. Nne za tochi ndogo nazo zinafaa zikiwa mpya. Zile za kompyuta mpakato zilizochomolewa, wanazopenda vijana wa pawa benki, ziache: ukizigusanisha kwa bahati mbaya zinawaka moto, na kwa leza ya miliampia 30 hazina kazi.

## Kuunganisha

13. Kwa nini nisiiunganishe na betri moja kwa moja? Balbu mbona inakubali?

Balbu ikipata moto inajizuia yenyewe. Daiodi inafanya kinyume: ikipata joto inaruhusu mkondo zaidi, mkondo unaleta joto zaidi, na safari yake inaishia hapo. Volti ikiongezeka kidogo sana mkondo unaruka sana. Kwa hiyo leza hatuilishi volti, tunailisha mkondo uliopimwa.

Njia rahisi na ya zamani ni kidhibiti LM317, kinapatikana kila duka la vifaa. Kishike maandishi yakikutazama, miguu chini. Mguu wa kushoto ni wa kurekebisha, wa kati ni wa kutoa, wa kulia ni wa kuingiza. Chanya ya betri inapita kwenye swichi kisha inaingia kulia. Kati ya mguu wa kati na wa kushoto weka rezista. Kutoka mguu wa kushoto waya unaenda chanya ya daiodi, na hasi ya daiodi inarudi hasi ya betri. Sambamba na daiodi weka kapasita ndogo ya mikrofaradi 10, hasi kwa hasi.

LM317 inang'ang'ania kuweka volti 1.25 kwenye ile rezista, kwa hiyo mkondo ni 1.25 gawanya kwa omu. Rezista ya omu 47 inakupa miliampia 27 hivi, ya 39 inakupa 32, ya 33 inakupa 38. Anza na 47. Daiodi ikiwa chini ya kizingiti chake, yaani mkondo unaotakiwa ili ianze kuwa leza, inatoa wekundu uliotawanyika, haina nukta. Shuka hadi 39, halafu 33 kama bado. Kuna hatua ambapo nukta inatokea ghafla, kali, yenye chembechembe zinazometameta ukutani kama mchanga wa mto. Hapo umefika. Simama hapo hapo, usitafute ziada. Huna kipimo cha miliwati, na jicho ni hakimu mbaya.

Kabla daiodi ya leza haijagusa saketi, jaribu kwa kuweka mahali pake daiodi za kawaida za 1N4001, nne kwa mfuatano, pamoja na rezista ya omu 1. Pima milivolti juu ya hiyo rezista ya omu 1: ukisoma 27, ni miliampia 27. Ukisoma 200, umekosea na umeokoa daiodi. Halafu zima, na gusanisha miguu ya kapasita kwa bisibisi iishe chaji, ndipo ulehemu leza yenyewe.

Swichi ikae upande wa betri. Usiiweke kati ya saketi na daiodi. Ukiiweka huko, kapasita inajaa volti zote wakati swichi imezimwa, na siku ukiiwasha inamwaga kila kitu kwenye daiodi kwa mpigo mmoja. Nimelijua hilo kwa hasara.

14. Nimeunganisha sawasawa, nimepima, na bado zinakufa. Nina mkosi?

Uko Dodoma. Mwezi gani?

Swali hili naulizwa kuanzia Juni hadi Novemba, wakati wa masika huwa siulizwi. Hewa ikikauka na upepo wetu huu, mwili unajaa umeme tuli bila wewe kujua. Unavua sweta usiku unasikia tiki-tiki. Unashika kitasa kinakuchapa. Ili uhisi cheche hiyo inabidi iwe imefika volti kama 3,000. Daiodi ya leza inakufa kwa chache sana kuliko hizo, kwa hiyo unaweza kuiua bila kuhisi chochote. Mimi Septemba moja niliua tatu jioni moja, nimekaa kwenye kiti cha plastiki, blanketi la manyoya begani kwa sababu ya baridi, nikailaumu LM317, nikaibadilisha, nikaua ya tatu. Mke wangu ndiye aliyeniambia, "Hilo blanketi mbona linakushika nywele?"

Tiba zake ni za nyumbani. Vaa pamba, kanga mezani ni nzuri, nailoni na manyoya viweke mbali. Sakafu ipige deki kabla ya kufungua deki. Sakafu yenye unyevu inanyonya umeme wako. Kabla ya kukata utepe wa jicho (waya bapa unaoliunganisha na bodi), zungushia miguu mitatu ya daiodi waya mwembamba wa shaba, yote iwe kitu kimoja, na waya huo usiutoe mpaka umemaliza kulehemu. Gusa chuma kilichochimbiwa ardhini kila unapokaa, nondo ya dirisha mara nyingi inatosha. Bomba la maji lilikuwa linafaa zamani, siku hizi mengi ni plastiki.

Na chuma cha kulehemu chenye plagi ya miguu miwili huwa kinavujisha umeme kidogo kwenye ncha. Kipashe moto, chomoa ukutani, ndipo uguse mguu wa daiodi. Joto linatosha kulehemu miguu miwili. Cha kuazima ndiyo hasa ufanye hivyo, hujui kilikotoka.

15. Nukta yangu ni ndefu kama mchele, tena imezungukwa na ukungu.

Urefu ni wa kawaida. Tundu linalotoa mwanga kwenye daiodi si duara, ni ufa, na mwale unatoka hivyo hivyo. Zungusha lenzi taratibu ukitazama ukuta wa mita 5 mpaka iwe ndogo kabisa, halafu tone la gundi isijefunguka.

Ukungu ni vumbi. Usipulize kwa mdomo, mate yakikauka juu ya lenzi ya plastiki ni kazi nyingine. Tumia pampu ya baiskeli kwa mbali, kisha kitambaa cha miwani. Vumbi letu jekundu lina mchanga ndani yake, ukilisugua kavu umeikwangua lenzi kwa maisha. Kwa ganda la nje, bomba la tochi ndogo ya aluminiamu linashinda kalamu ya plastiki: linakaza lenzi na linapoza. Kifuniko cha mbele usikisahau, hata kizibo cha dawa kinatosha.

## Matumizi

16. Itawasha kiberiti? Itapasua puto?

Hii hapana. Ile inayoweza ni ya miliwati mia na zaidi, na sitaielekeza hapa, kwa sababu miwani yake halali ni ghali kuliko leza yenyewe mara nyingi na sijamwona hata mmoja aliyeniuliza akiwa nayo. Wote walikuwa na macho mawili tu.

17. Sasa kama haichomi, ina kazi gani?

Hapa ndipo penye utamu. Chukua unywele mmoja, ubandike wima mbele ya leza, elekeza ukuta ulio mita 3. Badala ya kivuli utaona mstari wa madoa mekundu yakikatwa na giza. Pima kutoka katikati hadi giza la kwanza. Gawanya: nanomita 650 mara mita 3, gawanya kwa umbali uliopima. Ukipata sentimita 2.8, unywele una unene wa mikromita 70 hivi. Umepima kitu kidogo kuliko milimita kwa rula ya shule. Jaribu nywele za familia nzima, mtabishana hadi usiku.

CD iliyochakaa nayo ni darasa. Mistari yake imeachana mikromita 1.6, kwa hiyo mwale ukiipiga wima unagawanyika na doa la pembeni linatoka kwa nyuzi kama 24. DVD mistari yake imesongamana zaidi, mikromita 0.74, doa linaruka hadi nyuzi 61. Fanya kwenye kona ya chumba, chini, watu wakiwa nyuma yako. Swali la 8 linahusika hapa.

Ninayoipenda zaidi ni ya tone. Bomba la sindano la duka la dawa, bila sindano yenyewe, lijaze maji ya bwawa la Hombolo, lining'inize tone moja mdomoni lisidondoke. Pitisha mwale katikati ya tone. Tone linakuwa lenzi, na ukutani mita 2 mbele kunatokea duara kubwa jekundu lenye vivuli vinavyoogelea, vingine vina mikia. Halafu weka maji ya kunywa uliyochemsha. Mama mmoja jirani aliona hiyo mara moja, na tangu siku hiyo hajanywa maji ya ndoo.

Ukiwa na kisola kidogo cha taa mbovu, unganisha waya zake kwenye spika yenye tundu la waya, mulika kisola, halafu pitisha chanuo kwenye mwale. Spika italia. Pitisha haraka, sauti inapanda.

## Ya kona

18. Naweza kutengeneza nyingi nikauza?

Zawadi kwa mwalimu wa fizikia, sawa. Kuuza ni habari nyingine: bidhaa inayouzwa inaingia kwenye viwango vya TBS, na leza bila lebo ya daraja ni ile ile ya machinga niliyoilalamikia swali la 2. Hata ya kugawa, andika: rangi, miliampia, na "usitazame mwale".

19. Mchana wa Oktoba inafifia, usiku inarudi vizuri.

Joto. Daiodi ikipata moto inahitaji mkondo mwingi zaidi kufika kizingiti. Usishushe rezista ili kuifidia, maana usiku ukipoa utakuwa umeizidishia. Iwashe kwa nusu dakika, izime, usiiache kwenye dashibodi ya gari.

20. Ilikuwa na nukta, sasa inawaka wekundu uliosambaa tu. Rezista ile ile, betri mpya.

Imekufa. Kwenye uso wa ile chembe kuna kioo chake kidogo, na kimeungua. Mara nyingi ni chaji ya kapasita au umeme tuli, soma tena 13 na 14. Hakuna fundi wa kuifufua. Usiitupe: itoe, ibandike kwenye kipande cha kadi, uitumie kumfundishia anayefuata kulehemu miguu mitatu bila kuigusanisha. Ganda, lenzi na saketi bado vizima. Betri iliyoisha usiichome pamoja na takataka za uani.